Mpelelezi na Nabii: Tuliyoyaona katika Riwaya Pendwa za Kiswahili

Utangulizi

Kwa miaka mingi tulipita mbele ya vitabu hivi bila kuvigusa. Vilikuwa vimetandazwa chini, juu ya magunia, karibu na vituo vya mabasi, na majalada yake yalionyesha bastola, damu na mwanamke aliyevaa nusu. Sisi tuliona kwamba jalada limekwisha kutueleza yaliyomo. Hata mimbarani tuliwahi kuwaonya vijana wa usharika wajiepushe na "hadithi za kihuni", hali hatujasoma ukurasa mmoja wa hadithi hizo.

Katika makala hii twajaribu kurekebisha kosa hilo. Tumesoma, kwa mara ya kwanza, na katika umri ambao wenzetu wengi husoma kwa kurudia, riwaya za waandishi watatu: Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar (1918-1991), Elvis Musiba aliyefariki mwaka 2010, na Ben Mtobwa (1958-2008). Tunajua baadhi ya wasomaji watacheka kusikia kwamba waandishi hawa ni wapya kwetu. Vijana wa miaka ya sabini na themanini waliwajua Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango kuliko walivyowajua Waamuzi wa Israeli. Hata hivyo tunaandika si kama wataalamu wa fasihi, bali kama wachungaji waliochelewa kusoma yale ambayo washarika wao walikwisha kuyasoma zamani.

Lililotufanya tuanze ni ziara moja ya kichungaji. Tulikwenda kumtembelea mzee wa usharika, askari mstaafu aliyepigana katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, ambaye alikuwa mgonjwa. Tulipokaribishwa ndani tulimwona akisukuma kitu haraka chini ya mto. Baada ya sala tulimwuliza kwa utani ameficha nini. Akatoa kitabu kilichochakaa, kisicho na jalada. Kilikuwa Kufa na Kupona cha Musiba. Akaona haya, akasema, "Nisamehe, Baba Mchungaji. Biblia ninayo, ile pale. Ila hiki kinanisaidia usiku." Tulimwuliza kinamsaidia namna gani. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Humu, mzee wangu, anayeua hulala usingizi."

Tunasimulia haya kwa ruhusa yake. Siku ile tuliazima kitabu kile, tukaondoka bila kuwa na neno la maana la kumwambia. Yanayofuata ni matokeo ya usomaji ulioanzia hapo.

Amri ya nane

Kabla ya kuvitazama vitabu vyenyewe, yafaa tuseme neno juu ya hukumu tuliyoitoa bila kusoma. Tunawafundisha watoto wa kipaimara amri ya nane, ya kutomshuhudia jirani uongo. Katika maelezo ya Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 Luther haishii kukataza uongo tu, bali anadai kwamba tumtetee jirani, tumseme vizuri, na kuyafasiri mambo yake yote kwa wema. Mwandishi wa hadithi naye ni jirani. Kumwita mhuni pasipo kumsoma ni kumshuhudia uongo, hata kama baadaye tukimsoma tutaona kwamba ana makosa kweli.

Tena Luther mwenyewe hakudharau hadithi za watu wa kawaida. Mwaka 1530, wenzake walipokwenda Augsburg kuiwasilisha Ungamo la imani, yeye alibaki katika ngome ya Coburg kwa sababu alikuwa chini ya hukumu ya dola. Katika siku zile za wasiwasi alianza kuziandika upya kwa Kijerumani hadithi za Aesop, zile za mbwa mwitu, wanakondoo na simba, kwa kuwa aliona zina hekima ya kuwafaa watoto na watumishi. Ikiwa mtengeneza Kanisa alipata nafasi ya kufanya hivyo katika saa nzito kama ile, basi mwalimu wa theolojia hana udhuru.

Bwana Msa mbele ya mzimu

Tulianza na Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Hapo ndipo wengi huona mwanzo wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa ameuawa mahali pa mzimu, mahali ambapo watu huogopa kupita. Bwana Msa, mtu wa kiko na wa maswali mengi, anaifuatilia habari hiyo pamoja na rafiki yake Najum. Msomaji aliyewahi kumsoma Arthur Conan Doyle atamtambua Sherlock Holmes katika mavazi ya Kiunguja. Lakini mwigo huo si jambo kubwa, kwa maana mahali na hofu za watu ni za kwetu kabisa.

Jambo lililotugusa ni namna Bwana Msa anavyosimama mbele ya mzimu. Hawacheki watu kwa imani yao, wala haogopi pamoja nao. Anauliza tu maswali ya kawaida: nani alimwona marehemu mara ya mwisho, nani anapata faida, nani anaficha nini juu ya nasaba yake. Siri za nasaba, za mtoto asiyejua baba yake na baba asiyemkiri mtoto wake, hurudi tena na tena katika riwaya za Abdulla. Kwake, lililo la kutisha halitoki katika miti ya mzimu, hutoka sebuleni.

Mchungaji yeyote aliyezika watu katika nchi yetu anajua swali linalonong'onwa kaburini: nani amemfanyia? Swali hilo limemwaga damu. Katika Usukuma vikongwe wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa maisha yao yote. Mara nyingi sisi tumelijibu swali hilo kwa njia mbili tu: ama tumelikemea kuwa ni ushirikina, ama tumelikubali kimya kimya na kuongeza maombi ya kufukuza. Abdulla anaonyesha njia ya tatu. Analichukua swali lenyewe kwa uzito wote, kisha analiondoa mikononi mwa hofu na kulikabidhi kwa ukweli. Hatudai kwamba alikusudia kuandika theolojia. Twasema tu kwamba mwinjilisti aliye katika mtaa wenye minong'ono ya uchawi angejifunza kwa Bwana Msa uvumilivu wa kuuliza kabla ya kutoa jibu.

Willy Gamba na amri ya tano

Kutoka kwa Abdulla kwenda kwa Musiba ni kutoka barazani kwenda uwanja wa ndege. Kufa na Kupona (1974) na Kikosi cha Kisasi (1979) zina mhusika mkuu mmoja, Willy Gamba, mpelelezi wa serikali anayetumwa na mkuu wake aitwaye Chifu. Katika ya kwanza anapelekwa Nairobi, katika ya pili Kinshasa. Kuna magari ya kasi, hoteli kubwa, vinywaji, wanawake wazuri ambao baadhi yao ni majasusi, na maadui wengi wanaokufa. Lugha ni nyepesi, sura ni fupi, na msomaji hawezi kukiweka kitabu chini. Tulikiri kwa aibu kidogo kwamba tulimaliza sura kadhaa baada ya saa sita usiku, hali ibada ya asubuhi ilikuwa zamu yetu.

Ni rahisi kusema kwamba huu ni mwigo wa James Bond wa Ian Fleming. Lakini kusema hivyo tu ni kutomtendea haki mwandishi. Bond anaulinda ufalme wa zamani. Willy Gamba anaulinda ukombozi wa Afrika. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963 hadi ilipomaliza kazi mwaka 1994. Tarehe 3 Februari 1969, katika jiji hilohilo, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kama kifurushi. Kwa msomaji wa mwaka 1974, basi, jasusi na kifurushi havikuwa ndoto ya mtunzi. Vilikuwa habari za mtaani. Musiba aliwapa Waafrika kitu ambacho sinema za wakati ule ziliwanyima: Mwafrika aliye hodari, mwerevu, anayeingia katika hoteli yoyote bila kuinamisha kichwa, na anayeshinda. Tusiubeze ushindi huo. Watu waliozoea kujiona wakishindwa katika kila filamu wana haki ya kufurahi.

Baada ya kusema hayo, yatupasa kusema na upungufu. Kwanza, mwanamke. Katika riwaya hizi mwanamke hutajwa kwanza kwa umbo lake, na mara nyingi ama ni mtego ama ni tuzo. Binti anayesoma vitabu hivi hapati mahali pa kusimama. Pili, na hapa twamrudia mzee wetu, kuna suala la kuua. Willy Gamba anaua kwa wepesi. Anafuta jasho, anaingia garini, na sura inayofuata anaagiza chakula. Haki ya shabaha yake inatosha kufuta kila kitu kilicho njiani.

Theolojia yetu haisemi kwamba askari hana haki mbele za Mungu. Mwaka 1526 Luther aliandika kitabu kizima kujibu swali la askari mmoja, Assa von Kram, kama watu wa kazi yake nao wanaweza kuokolewa. Jibu lake lilikuwa ndiyo, ila si ndiyo ya haraka. Alitenga kazi na mtu: kazi yaweza kuwa halali, hali mtu anayeifanya anabaki chini ya maswali. Tena alisema kwamba mtu anayejua kwa hakika kuwa vita vya bwana wake ni vya dhuluma asimfuate. Kilichotushangaza tulipokisoma tena kitabu hicho kando ya Kufa na Kupona ni hiki: Assa von Kram alikuwa na swali. Willy Gamba hana. Hata baada ya vita iliyo ya haki, dhamiri ya mtu huuliza, na asiyeuliza amepoteza kitu. Mzee wetu alikuwa amepigana vita ambavyo taifa zima lilivihesabu kuwa vya haki, naye hakuwa na shaka juu ya hilo. Alikuwa na shaka juu ya usiku.

Joram Kiango na neno "roho"

Ben Mtobwa ndiye aliyetushangaza zaidi. Joram Kiango wake si mtumishi wa serikali bali mpelelezi wa kujitegemea, mtu wa mizaha na wa sigara, ambaye katika riwaya nyingi huongozana na Nuru, mwanamke aliye mwenzake katika kazi. Katika Tutarudi na Roho Zetu? wanakwenda kupambana na serikali ya makaburu katika nchi yao wenyewe. Msuko wake una mambo ambayo msomaji makini hatayaamini, nasi hatukuyaamini. Lakini jina la kitabu lilitushika. Ni swali, na ndani yake mna neno ambalo sisi tunalitumia kila siku bila kulifikiri. Roho ni uhai, na ndiyo maana ya kwanza hapo: je, tutarudi tukiwa hai? Lakini Mkristo anayelisoma swali hilo anasikia na maana ya pili: mtu akirudi akiwa hai, je, atarudi akiwa mzima ndani? Bwana wetu aliuliza jambo lilelile katika Marko 8:36, juu ya mtu anayepata ulimwengu na kujipoteza mwenyewe. Biblia ya Union hutumia hapo neno "nafsi", na huenda kwa sababu hiyo wasikilizaji wetu hawakuunganisha andiko hilo na swali la mwandishi. Hatujui kama Mtobwa alilikusudia, ila swali lake limo, na alama ya kuuliza haikufutwa.

Mtobwa aliandika pia juu ya fedha. Jina la riwaya yake Pesa Zako Zinanuka ni mahubiri kamili. Alianza kusomwa katika miaka ya themanini, wakati maduka yalipokuwa matupu, na mwaka 1983 serikali chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine ilipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu waliona jirani akitajirika kwa njia isiyoeleweka, wakataka mtu wa kusema kwamba fedha hiyo ina harufu. Nabii Amosi aliisikia harufu hiyohiyo. Je, mimbari yetu ya miaka ile iliisikia, au ilipokea sadaka na kushukuru?

Katika Dar es Salaam Usiku (1990) mwandishi anaondoka katika upelelezi na kulitazama jiji lenyewe: mwanamke anayeuza mwili wake, tajiri anayeweza kununua kila kitu, na watu ambao mchana haufahamu majina yao. Hapa hatuna budi kuonya. Zipo kurasa ambazo jicho la mwandishi linatamani kile kile analolilaumu jiji kwa kukitamani. Hata hivyo anakaa na watu hawa muda mrefu kuliko tunavyokaa sisi. Anauliza walifikaje hapo. Simoni Farisayo, katika Luka 7, alimwona mwanamke aliyeingia nyumbani mwake na akajua mara moja ni wa namna gani. Yesu alimwuliza Simoni kama anamwona mwanamke huyo. Tulipofunga kitabu cha Mtobwa tulijiuliza swali hilo juu ya mitaa ya usharika wetu ambayo hatujawahi kuipita baada ya jua kuzama.

Kisichokuwemo

Sasa twaweza kusema kwa ufupi tuliloliona. Riwaya hizi zote zinasadiki neno moja la Injili kwa moyo wote: kwamba hakuna lililofichwa ambalo halitafunuliwa (Luka 12:2). Hilo ndilo linalomfanya msomaji akeshe. Katika nchi ambamo wezi wakubwa mara nyingi hawakamatwi, kitabu kinachomkamata mwizi katika ukurasa wa mwisho kinatimiza njaa ya haki, na njaa hiyo ilibarikiwa na Bwana mlimani.

Lakini katika vitabu hivi siri inapofunuliwa, hadithi imekwisha. Aliyefanya kosa hufungwa au hufa, basi. Ufunuo na maangamizi ni kitu kimoja. Hakuna anayeungama na kuendelea kuishi. Kwa lugha ya darasa letu, Sheria imo, tena yenye nguvu, ila Injili haimo.

Tena msomaji mwenyewe habadiliki. Yeye yuko daima upande wa mpelelezi. Hapa ndipo tulipomkumbuka nabii Nathani katika 2 Samweli 12. Nathani anamsimulia mfalme hadithi fupi ya tajiri, maskini na mwanakondoo. Daudi anafanya kama afanyavyo msomaji wa riwaya ya upelelezi: anaghadhibika na kudai mkosaji afe. Ndipo anapoambiwa kwamba mkosaji ni yeye. Hakuna riwaya tuliyoisoma inayothubutu kufanya hivyo, yaani kumtafuta mkosaji hadi kumkuta kitini anaposoma. Na baada ya hayo Nathani hafungi kitabu. Daudi anakiri, anasamehewa, anaishi, tena anaishi na matokeo machungu ya dhambi yake.

Tusifurahie upungufu huo wa waandishi haraka, maana ni upungufu wetu pia. Tulipozipitia hotuba zetu za miaka iliyopita, tuliona kwamba nyingi zilikuwa riwaya za upelelezi zilizoandikwa vibaya. Tulimtafuta mkosaji tukampata: kijana, mlevi, mwanamke asiyevaa vizuri, mganga, mwanasiasa. Kila mara mkosaji alikuwa mtu asiyekuwamo kanisani asubuhi ile, na msimulizi hakushukiwa hata mara moja. Musiba walau alijua kusisimua.

Hitimisho

Tulirudi kwa mzee yule baada ya majuma machache, tukiwa tumemaliza kitabu chake. Hatukumwambia kwamba ni kibaya. Tulimwambia kwamba tumekipenda, na kwamba tumeona Willy Gamba hulala kwa sababu hakuna anayemwuliza neno. Kisha tukamwuliza kama angependa kuulizwa. Alisema ndiyo. Aliyoyasema baada ya hapo ni ya ungamo, hayaandikwi. Tulisoma Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake humtaja Nathani, tukamtangazia ondoleo la dhambi kama tulivyowekewa mikono kulitangaza. Tulipoaga alitudai kitabu chake, nasi tukamrudishia.

Kwa wanafunzi wetu twaomba mambo mawili. Kwanza, someni vitabu vinavyosomwa na washarika wenu, na msivisome kwa kutafuta vielelezo vya mahubiri. Visomeni ili mjue watu wanalala na maswali gani. Maktaba ya chuo isione haya kuviweka rafuni pamoja na vitabu vya maelezo ya Biblia. Pili, mtakapoingia katika nyumba na kumwona mtu akificha kitabu chini ya mto, msikimbilie kukitaja kwa jina baya. Sisi tulikaribia sana kufanya hivyo, na kama tungelifanya, mzee yule angekifunga kinywa chake pamoja na kitabu.